Niliandika Thelathini na Saba

Shangazi mpendwa wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Nakuandikia kwa penseli kwa sababu kalamu yangu imevuja kwa joto ndani ya mkoba na kuharibu daftari la jiografia. Naomba usiiweke barua hii kando kabla ya kufika mwisho, maana sina mtu mwingine wa kumweleza na jambo lenyewe limenizidi kimo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mama yangu anapiga pasi katika duka la dobi, na kule nguo zikishakunjwa hufungwa kwa magazeti ya zamani, kwa hiyo majibu yako huyasoma yakiwa na miezi miwili au mitatu, lakini nayasoma yote, hata ya watu waliogombana na wakwe zao.

Tangu mwezi uliopita kwetu kumeingia joto ambalo sijui nilieleze vipi. Nimesoma vitabu vingi vinavyosema "jua kali" na nilidhani najua maana yake, kumbe nilikuwa najua maneno tu. Lango la shule halishikiki kwa mkono mtupu, tunalifungua kwa sweta, na ndiyo kazi pekee iliyobaki ya sweta. Kuna kunguru saba wanaokaa kwenye kivuli cha nguzo ya bendera. Kivuli chenyewe ni chembamba kama fimbo, kwa hiyo wanajipanga mstari mmoja, midomo wazi, na kivuli kikisogea nao wanasogea, hatua moja moja, kama mshale wa saa. Niliwatazama mpaka nikachelewa kipindi. Shangazi, naogopa, lakini zaidi ya kuogopa nastaajabu, kwamba kitu kisicho na mikono wala sauti kimewanyamazisha watoto mia nne wa madarasa ya chini ambao kengele haijawahi kuwanyamazisha.

Shule yetu ina madarasa ya chini na ya juu katika uwanja mmoja. Mwalimu mkuu, ambaye pia hutufundisha sayansi, alitundika kipimajoto ndani ya kisanduku cha mbao chenye matundu, kwenye ukuta wa maktaba upande wa kivulini, kama kitabu kinavyoagiza, kwamba hewa ipimwe kivulini na si juani. Akaweka sheria kwamba kila siku saa nne asubuhi kipimo kisomwe na kuandikwa kwenye ubao wa nje ya ofisi, kikifika nyuzi thelathini na nane kengele ipigwe mara tatu na madarasa ya chini yarudi nyumbani, kisipofika masomo yanaendelea. Kazi ya kusoma alinipa mimi kwa kuwa ndimi ninayetunza ufunguo wa maktaba, na kwa kuwa, alisema mbele ya mstari mzima, "Huyu haongei sana, na asiyeongea sana hatii chumvi." Watu walicheka. Wenzangu huniita Maktaba, si kwa kunisifu. Ufunguo huo nauvaa shingoni kwa kamba, na siku hizi nikitoka nje unanichoma kifuani.

Siku ya kwanza zebaki ilipofika thelathini na nane niliandika thelathini na nane, kengele ikalia mara tatu, na watoto wakatoka mbio wakishangilia, na mimi nikasimama pale na chaki mkononi nikijiona kama mtu aliyesogeza mlima kwa namba mbili. Miongoni mwao alikuwamo mdogo wangu wa miaka sita, yuko darasa la kwanza, tunamwita Kiroboto kwa sababu tangu aanze kutembea hajawahi kukaa mahali pamoja. Sasa sikiliza nilichokikuta niliporudi nyumbani saa tisa. Sisi tunakaa chumba kimoja cha mabati, dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, na mama amemkataza Kiroboto kutoka akiwa peke yake kwa sababu ya malori yanayopita barabarani, kwa hiyo hujifungia kwa komeo. Nilimkuta amekaa. Miguu ameitia kwenye beseni la maji na maji yamekuwa ya moto.

"Dada," akaniambia taratibu, "nyumba inapumua."

"Inapumua vipi?"

"Inanipumulia mimi."

"Mbona hukutoka?"

"Mama alisema nisifungue."

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa ameshinda kutwa nzima juu ya pasi ya mkaa, na Shangazi, mimi sijui mtu anatengenezwa kwa kitu gani mpaka aweze kusimama na moto mkononi katika joto hili, kisha arudi nyumbani na kabla hajakaa chini aende bombani kumchotea mtoto maji. Alinisikiliza huku anamwogesha Kiroboto, akasema, "Sasa nifanyeje, mwanangu? Nikae naye, pasi ikae na nani? Heri huko shuleni, kuna mwalimu na kuna bomba." Maneno hayo yakanikaa kichwani.

Alhamisi iliyofuata, saa nne, nilifungua kisanduku na uzi wa zebaki ulikuwa umefika kwenye mstari wa thelathini na nane. Nilitazama kwa jicho la kushoto, nikatazama kwa la kulia, nikasogea ili macho yalingane nao kama tulivyofundishwa, na ulikuwa umefika. Nikaiona miguu ya Kiroboto ndani ya beseni. Nikaenda kwenye ubao nikaandika thelathini na saba. Hakuna aliyeniuliza, kengele haikulia, na kila mtu akaendelea na kazi yake kama vile nilichoandika ndicho kilichokuwa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, jinsi lilivyokuwa rahisi.

Saa sita kasoro robo nilisikia mbio upande wa darasa la kwanza. Jirani wa Kiroboto kwenye dawati, msichana mdogo mwenye pengo la meno mawili, alikuwa ameteleza kutoka kwenye benchi bila sauti, kama nguo inavyoteleza kwenye kamba. Mwalimu wao ni mama mnene mwenye sauti ndogo. Nilimkuta ameshamtoa barazani, amemlaza juu ya mtandio wake alioulowanisha, miguu ameiinua juu ya mkoba, anammwagia maji shingoni na kwapani. Watoto walikuwa wanasukumana kuona, na yeye bila kupandisha sauti akawaambia, "Rudini nyuma, mnakula hewa yake. Kila mtu achukue daftari ampepee." Watoto hamsini wakazunguka kwa mbali wakaanza kupepea, madaftari hamsini yakipanda na kushuka pamoja, hakuna anayecheka, hakuna anayelia, na Kiroboto akiwa mbele kabisa, amesimama wima, anapepea kwa mikono miwili. Sijawahi kuona kitu kama kile. Baada ya muda msichana alifungua macho, akatazama juu, akasema, "Nani kachukua daftari langu?"

Ni mzima, alirudi shule Jumatatu. Lakini baba yake alipokuja kumchukua, mwalimu mkuu alimwonyesha ubao, akamwambia, "Mzee, kipimo kilikuwa thelathini na saba. Tungejuaje?" Baba yule ni fundi wa kuchomelea vyuma, bado alikuwa na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Akautazama ubao, akasema, "Mwalimu, namba haijazimia. Aliyezimia ni mwanangu." Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale. Kesho yake mstarini mwalimu mkuu akanisifu kwamba sijakosa hata siku moja kusoma kipimo.

Sikuweza kulala vizuri, kwa hiyo Jumatatu niliazima kipimajoto cha maabara, nikakifunga kwenye leso, nikaenda kupima kila mahali. Kisandukuni saa nne kilisoma thelathini na saba, safari hii kweli. Kwenye dawati la Kiroboto, arobaini na mbili. Wakati wa mapumziko ya mchana nilikimbia nyumbani, nikakaa na kipimo mkononi nikiitazama zebaki inavyopanda kama mtu anayekimbilia darini kuchukua alichosahau, ikasimama kwenye arobaini na nne. Nilipima na ndani ya maktaba, kwa ajili tu ya kuwa na kitu cha kulinganisha. Mle huwa naingia peke yangu wakati wa mapumziko, ni jengo la zamani, kuta zake za mawe ni nene kama urefu wa mkono wangu na dari ni ya mbao, pakasoma thelathini na mbili. Basi nikakaa mle na karatasi yangu, nikaelewa kwamba namba niliyokuwa naiandika ubaoni mwezi mzima, hata siku nilizosema kweli, haikuwa namba ambayo watoto walikuwa wamekaa ndani yake.

Sasa, Shangazi, nikisema ukweli itajulikana nilidanganya, na mwalimu mkuu aliyeniamini ataaibika mbele ya yule fundi, tena akijua darasani ni arobaini na mbili atafunga madarasa ya chini kila siku mpaka mvua zije, na Kiroboto na wenzake watakwenda kujifungia kwenye arobaini na nne. Nikinyamaza, watabaki kwenye arobaini na mbili na safari nyingine aliyezimia huenda asiulize daftari lake. Langoni wazazi wanabishana kila asubuhi, mmoja anasema akili ya mtoto ikichemka haishiki hesabu, mwingine anasema sisi tulisoma juani na hatukufa, na mama muuza maji akamuuliza, "Kwani wewe ulisoma?" Watu wakacheka na ubishi ukaendelea. Je, watoto waende shule katika joto la namna hii au wasiende? Na mimi niseme au ninyamaze? Nimejaribu mara tatu kwenda ofisini, nikifika mlangoni natoa shikamoo kisha narudi, na nadhani mwalimu mkuu anaamini nina heshima kupita kiasi.

Wako mtiifu,
Maktaba

*

Maktaba, mwanangu, marahaba.

Nilipofika kwa wale kunguru niliiweka barua chini nikaenda dirishani. Kwetu pia wapo, wamejipanga kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye meza hii nikiwajibu watu, na sikuwahi kuwaona. Kwa hilo nakushukuru. Sasa kaa vizuri, maana mengine hayatakuwa matamu.

Ulidanganya. Usiufunike uongo kwa beseni la mdogo wako. Huruma yako ilikuwa ya kweli, lakini ulimkinga wako kwa mtoto wa mwenzio. Najua hukujua kwamba itakuwa hivyo. Ndiyo maana namba haichezewi: anayeiandika haoni wote wanaoegemea juu yake. Ulisogeza mlima kwa chaki, kisha ukashangaa mlima umemwangukia mtu.

Lakini pia usijikuze. Kosa lako ni la siku moja, la kisanduku ni la mwezi mzima. Siku zote ulizoandika kweli, darasa la kwanza walikuwa wanaokwa vilevile. Mwalimu wenu mkuu alifuata kitabu, na kitabu hakikukosea: kinaeleza namna ya kupima hewa ya nchi. Hakikuandikwa kwa ajili ya dawati la mtoto. Kwenye kivuli cha ule ukuta hakuna mtoto anayekaa. Tena hakuna haki ya kumtwisha msichana wa kidato cha tatu uamuzi wa watoto mia nne kisha kumsifu kwa kuwa hasemi.

Kuhusu ubishi wa langoni, wote wamekosea isipokuwa muuza maji. Wanabishana shule ifungwe au isifungwe, kana kwamba mtoto akitoka darasani anayeyuka hewani. Mtoto hutoka mahali akaenda mahali. Katika arobaini na mbili hakuna anayesoma, anavumilia tu, na uvumilivu wa mtoto wa miaka sita si wa kuchezea. Mtoto ambaye kwao kuna nafuu na mtu mzima wa kumwangalia, abaki nyumbani, masomo atayakuta. Lakini mtoto wa kwenda kujifungia kwa komeo ndani ya mabati, huyo kumrudisha nyumbani ni kumtoa kikaangoni na kumtia jikoni. Uliza pa kumweka penye ubaridi, hayo ya kufunga na kufungua yatafuata.

Na hapo ndipo ninapokushika sikio. Umepima sehemu nne. Tatu umezieleza kwa uchungu, ya nne ukaipitia mbio: thelathini na mbili, kuta nene, mle huwa naingia peke yangu. Mwanangu, mtu anayesoma kama wewe hakosi kuona jibu lililo kwenye karatasi yake mwenyewe. Nadhani uliliona, ukageuza uso. Sikucheki. Mtu mwenye haya akipata chumba kimoja duniani ambacho hakuna anayemuuliza kitu, hukilinda. Nami nilikuwa nacho, stoo ya shule, nikisoma juu ya magunia ya maharage. Siku walipoigeuza darasa nililia kama nimefiwa. Lakini mimi sikuwa na mdogo anayepumuliwa na nyumba.

Basi fanya hivi. Usianze ofisini, shikamoo yako ya mlangoni tumeshaijua. Kesho kabla ya mstari nenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza, mpe karatasi yako. Mwanamke aliyeweza kusema "mnakula hewa yake" bila kupandisha sauti atajua la kusema ndani ya ofisi. Ingia naye. Kwenye karatasi, chini ya zile namba nne, ongeza mstari mmoja kwa mkono wako: Alhamisi ilikuwa thelathini na nane, mimi niliandika thelathini na saba. Usieleze zaidi. Ukikaripiwa, pokea. Ukinyang'anywa kazi ya kipimo, pokea. Kisha omba ruhusa ukamwombe radhi yule fundi, ukifuatana na mwalimu. Anaweza kufoka. Simama hapo hapo mpaka amalize. Mtu anayesema kweli kama yule hupenda kuambiwa kweli.

Mkiwa ofisini, huyo mwalimu wa darasa la kwanza aombe mambo haya. Kipimajoto kiende darasa la kwanza, kwenye kimo cha mtoto aliyekaa. Masomo ya wadogo yaanze saa kumi na mbili na nusu na yaishe kabla jua halijapanda. Maji yanywewe kila kipindi, mtoto asingoje kuomba. Wenye watu nyumbani waende. Wasio na mtu wabaki, na waingie maktaba, darasa la kwanza wakitangulia, wengine kwa zamu. Wakizidi, viti vitolewe, waketi sakafuni. Sakafu ya mawe haijamdhuru mtoto. Wewe fungua madirisha alfajiri, yafunge saa tatu kabla moto haujaingia.

Na nyumbani, mwambie mama kwa adabu kwamba Shangazi anamwamkia na anamwinamia, maana nami sijui kina mama kama yeye wametengenezwa kwa kitu gani. Lakini komeo lile lisifungwe tena mtoto akiwa ndani peke yake. Lori ni hatari ya huenda, lile joto ni la hakika. Na yeye mwenyewe aweke chupa ya maji kando ya pasi.

Najua magazeti hukufikia yakiwa yamefunga mashati ya watu, kwa hiyo nakala ya hili nimeituma leo kwenye duka la dobi, kwa jina la mama, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha.

Sitakudanganya kwamba utafurahi. Kiroboto atapanda rafu. Mtu atachana ukurasa wa kitabu unachokipenda. Yule mwenye pengo ataulizia daftari lake mara kumi kwa siku, na mahali ulipokuwa unasikia kimya utasikia watoto hamsini wakipumua. Kaa kidogo uwasikilize. Wanapumua.

Umeniandikia kurasa sita kuniuliza watoto waende wapi, na muda wote huo ufunguo ulikuwa unakuchoma kifuani.

Shangazi